Somo: Kufuatilia kemikali za neva mnyoo dume anapotafuta mwenzi

Anayetaka kuelewa jinsi kemikali za neva zinavyoendesha ujamiianaji asianze na panya, sembuse binadamu. Aanze na Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita 1 hivi. Wengi wao ni huntha: wana mayai na mbegu zao wenyewe, na neuroni (seli za neva) 302 tu. Dume ana zaidi ya 380, na nyingi kati ya hizo za ziada zimo mkiani, mahali kazi yenyewe inapofanyika.

Hatua ya 1. Andaa sahani ya agari yenye tone dogo la bakteria E. coli, chakula chao. Watenge madume kabla hawajakomaa, uwatumie siku inayofuata. Kwa huntha, chagua aina yenye kasoro ya kutembea. Dume hatalazimika kumkimbiza, nawe hutahangaika na darubini.

Hatua ya 2. Mtazame dume akiwa peke yake. Akishiba na asipopata mwenzi, huacha chakula akazurura. Msukumo huo unategemea peptidi ya neva (kipande kifupi cha protini kinachobeba ujumbe wa neva) iitwayo PDF-1. Dume aliyeikosa kwa kasoro ya jeni huelekea kubaki palepale penye chakula, ingawa nguvu za kutembea anazo.

Hatua ya 3. Mwingize huntha, kisha usipepese macho. Dume akimgusa hubandika mkia, hurudi nyumanyuma akimpapasa, akifika ncha ya mwili hugeukia upande wa pili, mpaka alipate tundu la uzazi. Hapo huchomoa viwiba viwili vidogo na kupitisha mbegu.

Sasa zigawie kemikali za neva kazi hizo. Serotonini husaidia mkia kujikunja wakati wa kugeuka. Ikikosekana, dume hupitiliza ncha na kumpoteza mwenzi. Asetilikolini hukaza misuli inayosukuma viwiba nje. Dopamini nayo, ambayo watu wamezoea kuiita kemikali ya raha, hapa hufanya pia kazi ya breki: huzuia viwiba visichomoke kabla ya wakati. Ukitoka na jambo moja tu katika somo hili, liwe hilo. Kemikali ileile hupewa kazi kulingana na neva inayoipokea.

Hatua ya 4. Linganisha na dume asiye na nematosini, peptidi iliyoelezwa mwaka 2012. Vitendo vyote anavyo, lakini anachelewa kuitikia mguso, anavurugavuruga mpangilio, anamwacha mwenzi na kuanza upya. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mtamu kuliko wote, maana unaonyesha kwamba kujua vitendo na kuvipanga ni mambo mawili tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Nematosini ni ndugu wa oksitosini, ile homoni inayohusishwa na upendo. Basi minyoo nao wanapendana?
Undugu upo kweli, na vasopresini, homoni nyingine ya binadamu, pia imo katika ukoo huo. Lakini ukale wa molekuli hauthibitishi hisia. Tunachokiona ni mwendo wenye mpangilio, basi.

Mwalimu, dume mwenye njaa naye huondoka kutafuta mwenzi?
La. Njaa hushinda, hukaa kwenye chakula mpaka ashibe.

Ikiwa huntha anajitosheleza, dume ana kazi gani?
Swali zuri. Katika uzazi wa kujirutubisha, dume hutokea 1 au 2 hivi kwa kila 1,000, kromosomu moja ya X inapopotea. Huntha peke yake huzaa watoto 300 hivi, kwa kuwa mbegu zake humwishia kabla ya mayai. Akipandwa na dume huzaa zaidi, na mbegu za dume huzipiku zake katika kurutubisha mayai. Isitoshe, jeni za wazazi wawili huchanganyika.

Dume anajuaje kuna huntha karibu kabla hajamgusa?
Kwa harufu. Huntha hutoa askarosidi, yaani kemikali za ishara kati ya minyoo, na baadhi yake humvuta dume hata zikiwa kidogo mno. Kiwango kikizidi, mvuto hupungua, kwa hiyo usijaze minyoo kwenye sahani.