Chombo cha Bizen kinyweshe kwanza, maua baadaye

Chombo changu cha maua nilikinunua Imbe, mkoani Okayama, Japani, kwa wafinyanzi wa Bizen, ufinyanzi wa huko. Siku ya kwanza nilikijaza maji, nikachomeka matawi, nikakiacha juu ya meza ya mbao. Asubuhi nikakuta duara la maji chini yake, na alama ile haijafutika hadi leo. Chombo hakikuwa kibovu. Vyombo vya Bizen havipakwi dawa ya kung'arisha. Huchomwa vitupu kwa kuni za msonobari, mara nyingi siku 10 au zaidi, joto likipita nyuzi 1,200 za Selsiasi. Moto huo hukaza udongo, hata hivyo vingine huvuja maji kidogokidogo vikiwa vipya.

Kwa hiyo kizamishe kizima kwenye ndoo ya maji safi, kilale humo usiku kucha. Mapovu membamba yatapanda kutoka ubavuni. Ukikitoa, pitisha kidole kitakoni. Kikikwaruza, kisugue kwa msasa laini uliolowa. Kisahani chini yake kiwepo siku zote.

Sasa tafuta uso wake, na hapa usiwe na haraka. Kizungushe taratibu karibu na dirisha. Changu kina madoa ya manjano begani, upande mmoja tu. Wajapani huyaita goma, yaani ufuta, na kweli ukiyagusa ni kama ufuta uliogandia kwenye mkate. Ni majivu ya kuni yaliyoruka tanurini, yakatua, yakayeyuka. Upande huo ndio unaomtazama mgeni.

Maua yawe machache. Mimi hutia tawi moja la kamelia lenye ua moja na tumba moja, basi. Shada kubwa hufunika kazi yote ya moto. Kata shina kimshazari likiwa ndani ya maji, ng'oa majani yatakayozama. Tawi likiyumba, kata kijiti, kikaze kukingama ndani ya mdomo wa chombo, ulilaze hapo. Kabla mgeni hajaingia, nyunyizia chombo maji kwa nje: kahawia hukolea, ufuta ule ukang'aa.

Usipande mmea wa udongo humo, hakina tundu la kutolea maji.

Maua yakinyauka, suuza kwa brashi bila sabuni, kianike kivulini siku kadhaa. Ukikirudisha sandukuni na unyevu, kitaota ukungu.