Kutundika picha kwenye ukumbi wa mabati

Usipige msumari kwenye bati lenyewe. Mimi nilipiga, mvua ya Aprili ikapitia matundu yangu na michoro miwili ya rangi ya maji ikageuka tope. Pigilia mbao nyembamba kwenye nguzo, kisha tundika kwa ule waya wa kufungia nondo. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya picha: alfajiri bati hutoa jasho, mchana ni kikaango.

Majumba makubwa ya sanaa huweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 150 hivi. Ukuta wa karibu na mlango mimi hushusha hadi 110, kwa sababu watoto ndio hufika kwanza, na sare za shule bado mwilini.

Fungua jioni, watu wa viwandani wakirudi kwa miguu. Ukifungua saa nne asubuhi utajionea picha mwenyewe.

Na usione haya na mabati. Wasanii wa kikundi cha Wajukuu, wa mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, walipoalikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, waliuvika mlango wa ukumbi mabati, wageni wakapita humo kama kichochoroni. Mwaka huohuo wakapewa Tuzo ya Arnold Bode.

Maelezo ya picha andika kwa Kiswahili, mistari mitatu. Kwanza msomee mama wa chapati pale nje. Akiuliza, “Sasa hii ni nini?”, andika upya.