Kuchora ukuta wa kona ya vijana maktabani, hatua kwa hatua

Mchoro wa kona ya vijana uchorwe na vijana wenyewe. Kazi yako wewe fundi ni kuutoa kwenye karatasi na kuufikisha ukutani ukiwa bado wa kwao. Niko Mbeya, na mfano wangu ni ukuta wa mita 4 kwa mita 2.4.

Hatua ya 1: Kagua ukuta

Ukishapata kibali cha mkutubi kwa maandishi, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chokaa: ikwangue kwa brashi ya waya, futa vumbi, piga prima (rangi ya awali inayosaidia rangi kushika). Ukiiacha, rangi itabanduka vipande vipande.

Kisha pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, ahirisha kazi. Plasta mpya iache wiki nne. Kwa Mbeya miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, ila asubuhi za Juni na Julai baridi ni kali na rangi haikauki vizuri; anza saa nne, jua likishapanda.

Hatua ya 2: Pata mchoro

Hapa usiwe na haraka. Ukiwauliza vijana "mnataka tuchore nini?", watakupa kitabu kilichofunguliwa na mshumaa, kwa sababu ndicho walichozoea kuona kwenye kuta za shule. Waulize wanapita wapi kuja maktaba, wanaona nini, wanajivunia nini. Hapo utaletewa bajaji za Mwanjelwa, mlima Loleza wenye ukungu, maua ya hifadhi ya Kitulo, na kipunji, yule nyani wa misitu ya Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wenyeji walishamjua. Mwambie mchoraji asisahau nywele zilizosimama utosini. Bila hizo kipunji atafanana na nyani yeyote.

Bandika michoro yote, wapige kura, kisha wawili watatu waiunganishe kwenye karatasi moja. Usiwanyooshee mistari. Bajaji iliyopinda kidogo ibaki imepinda.

Hatua ya 3: Hamisha kwa miraba

Chora mchoro wa mwisho ndani ya sentimita 20 kwa 12, kisha uugawe kwa miraba ya sentimita 2. Ukutani kila mraba utakuwa sentimita 40, yaani miraba 10 kwenda upande na 6 kwenda juu. Mistari ya wima ipatie kwa timazi (uzi wenye uzito mwishoni), ya mlalo kwa pima maji, maana sakafu za majengo ya zamani si za kuaminika. Piga mistari kwa uzi uliopakwa unga wa chaki: wawili wauvute, wa tatu auachie.

Andika herufi juu na namba pembeni, kwenye karatasi na ukutani. Kila kijana apewe mraba wake, mathalani C4, achore kilichomo humo tu. Hata anayesema hajui kuchora ataweza, na hilo ndilo linalonifanya niipende njia hii.

Hatua ya 4: Rangi

Tumia rangi ya maji. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha kwa mikono miwili ya rangi ya chini. Anza juu ushuke, mandhari ya nyuma kwanza. Mlima wa mbali uwe na ubuluu hafifu. Rangi ikikauka hukolea kidogo, basi ijaribu pembeni kwanza. Mistari myembamba iwe ya mwisho.

Sehemu ya chini, hadi mita moja, iwe na maumbo makubwa yasiyo na mambo mengi. Viti na mabegi vitaikwaruza kila siku.

Hatua ya 5: Vanishi

Chagua vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Ya mafuta hugeuka njano, na inayong'aa humulika macho ya anayesoma. Rangi iliyobaki itie kwenye chupa zenye kifuniko, andika kila moja ni ya sehemu gani, uzikabidhi kwa mkutubi kwa ajili ya marekebisho.