Kufufua Land Rover 109 nyumbani Dar: chesisi kwanza, rangi baadae

Kama una Land Rover ya zamani iko juu ya mawe nyumbani, iwe ya mzee au umeipata mnadani, ushauri wa kwanza utakaopewa mtaani ni rangi na matairi. Fundi rangi atakwambia boss nipe wiki moja tu hii inang'aa. Usikubali kabisa. Hizi gari zinadanganya macho kuliko gari nyingine na sababu ni moja, bodi yake karibu yote ni alminiamu, Waingereza walivyoanza kuzitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao kwa ajili ya vita iliyopita wakaona watumie alminiamu, na alminiamu haishiki kutu ile nyekundu tunayoijua. Kwa hiyo unakuta gari imekaa miaka chini ya mwembe Kigamboni au Kunduchi, upepo wa bahari unaipiga kila siku, milango mizima, boneti zima, madigadi mazima, mtu anaona hii ni kupaka tu. Kumbe chini chesisi ni ya chuma na imeshaliwa imebaki ganda.

Hapa naongelea Series III ya petroli, zile za kuanzia 1971 mpaka 1985, injini lita 2.25, ila ukiwa na Series IIA iliyoitangulia mambo mengi ni yale yale. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani ile ndefu, fupi yake ni 88.

Kabla hujagusa spana shika kadi ya gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikia, sugua taratibu kwa brashi ya waya mpaka isomeke afu linganisha na kadi. Usiweke grenda hapo hata kidogo, namba ikipotea utakuja kuhangaika TRA, mamlaka ya mapato, kwa kitu ambacho kilikuwepo. Na kama jina kwenye kadi ni la marehemu, mambo ya mirathi yaishe kwanza ndo uanze kutoa hela, maana gari ikishapendeza ndugu wanaongezeka.

Haya, ukaguzi. Chukua nyundo ndogo, bisibisi kubwa na tochi, tandika boksi ulale chini. Gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, kila sehemu, pembeni na hasa kwa chini. Chuma kizima kinalia ngaa na nyundo inaruka, kilichooza kinatoa sauti ya bu na nyundo inazama, ukisikia hivo chomeka bisibisi uone, ikiingia zungushia alama kwa chaki. Sehemu za kushuku sana ni ile krosimemba (chuma kinachokatisha chesisi) ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi na tanki, sehemu zote springi zinaposhikia, na ule mpindo chesisi inapopanda juu ya difu. Chesisi hii ni boksi la bati nene la kama milimita 2 na inaoza kuanzia ndani, tope linaingia halitoki, vitundu vya kutolea maji vimeziba, kwa hiyo nje unaweza kuona rangi nzuri tu. Afu panda juu kwenye fayawoli, ule ukuta kati ya injini na kabini, nayo ni chuma, angalia pale miguu ya dereva na abiria inapokaa na chini kabisa kwenye nguzo za bawaba za milango. Nyanyua mpira wa sakafu, usiogope utakachokiona.

Ukimaliza hesabu chaki zako. Matundu machache yenye chuma kizima pande zote yanatengenezeka nyumbani. Lakini kama springi zinaposhikia kumeisha na chesisi imeanza kupinda, tafuta chesisi nyingine na uulize TRA mapema habari ya namba, maana utapiga viraka mpaka uchoke na gari bado itatembea upande.

Kufungua sasa. Vifaa vya Land Rover hizi bolti zake nyingi ni za inchi, kwa hiyo zile spana zetu za milimita zinakula vichwa. Tafuta seti ya inchi Kariakoo au Gerezani, 7/16, 1/2 na 9/16 ndo utazishika kila siku. Bolti zilizogoma zipige mchanganyiko wa dizeli na ATF (oili ya gia boksi otomatiki) jioni, lala, asubuhi piga tena, ikigoma kabisa ndo unaleta moto. Piga picha na simu kila kitu kabla hujakitoa, bolti zake weka kwenye vikopo vya Blue Band na uandike kwa makapeni kikopo hiki ni cha nini. Na tafadhali sana usiweke gari kwenye tofali za simenti ukaingia chini, tofali inapasuka ghafla bila kukuaga, tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu.

Kuchomelea ndo sehemu watu wengi wanapoharibu. Fundi wengi mtaani wamezoea mageti na madirisha, chuma cha geti kinavumilia, bati la milimita 2 lililochoka linatoboka. Akiwepo mwenye mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya, ni bora zaidi, kama ni ya vijiti basi vijiti vyembamba vya milimita 2.5 na moto mdogo, anapiga kidogo anaacha ipoe anaendelea. Tanki la petroli toa kabisa uliweke mbali, na tanki tupu ndo hatari zaidi maana mvuke umejaa ndani. Toa betri, chomoa alteneta. Afu simama hapo hapo umuangalie.

"Boss hapa napiga kiraka juu inatosha."

"Hapana fundi, kata mpaka kwenye chuma kizima ndo uunge."

"Itachukua muda boss."

"Chukua tu fundi, nipo."

Kiraka juu ya kutu kinaficha kutu, kinashikia hewa, mwaka mmoja unakirudia. Kata kipande kimoja, unga, ndo uende kingine, usikate pande zote mbili kwa pamoja maana chesisi inahama. Kabla na baada pima kwa tepu kona kwa kona, mistari miwili ilingane. Mashine ikiacha chuma cheupe paka prima siku hiyo hiyo, hewa yetu hapa chuma kikilala uchi usiku mmoja asubuhi kimeshageuka rangi. Ndo maana kazi hii ianze mwezi wa sita masika ikishakata, sio Machi. Ndani ya chesisi pulizia grisi iliyolainishwa kwa oili safi kupitia vile vitundu, na vitundu vyenyewe viache wazi. Oili chafu watu wanaipenda kwa sababu ni ya bure, ila inachuruzika inaharibu bushi na paipu za mpira, achana nayo.

Wakati wa kurudishia bodi utaona unga mweupe pale alminiamu ilipokuwa inagusana na chuma. Huo ndo ulaji wenyewe, alminiamu na chuma vikigusana pakiwa na unyevu wa chumvi, alminiamu inaliwa. Kwangua unga wote, paka rangi pande zote mbili, weka siilanti katikati ndo ufunge, na bolti zilizochovywa zinki. Ni kazi ya kuchosha lakini ndo tofauti ya gari ya miaka miwili na gari ya kumrithisha mtoto.

Injini. Kama imekaa miaka haizunguki usilazimishe na stata. Toa plagi zote nne, mwagia mchanganyiko ule ule wa dizeli na ATF kila silinda, acha siku kadhaa, afu jaribu kwa hendo ya mbele taratibu, mbele nyuma mbele nyuma. Ikiachia badilisha oili na filta kabla ya kuwasha.

Tapeti, yaani nafasi za valvu, zipime mwenyewe, ni raha kweli kweli na haihitaji fundi. Fungua kava ya juu utaona valvu nane, zihesabu kuanzia mbele kwenye feni, 1 mpaka 8. Kanuni yake ni tisa. Zungusha injini kwa hendo mpaka valvu namba 8 izame kabisa, hapo unapima namba 1, maana 8 na 1 ni tisa. Ikizama 6 unapima 3, ikizama 4 unapima 5, ikizama 7 unapima 2, na kinyume chake hivo hivo. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote, fila (kibati cha kupimia nafasi) inapita kwa kukwaruza kidogo sio kwa kuteleza. Shika skrubu kwa bisibisi ukaze nati na spana, afu pima tena maana nati ikikazwa inavuta. Pointi za distributa ziache milimita 0.35 mpaka 0.40. Mpangilio wa moto kwenye silinda ni 1-3-4-2.

Ikiwaka ikawa inakunywa petroli sana na sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatulia tu ukivuta choki, angalia kabureta. Kama ni Zenith ile sehemu ya juu inapinda kwa joto, ifungue, weka msasa mlaini juu ya kioo bapa uisugue kwa kuzungusha mpaka ikae sawa, badilisha na ka oringi ka ndani.

Waya usiruhusu mtu akate aunge na plasta. Rangi zake zina maana: kahawia ni moto wa betri muda wote, nyeupe moto wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ni athi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo. Ukizijua hizo unafuatilia mwenyewe. Taa ikififia safisha athi kwanza mpaka chuma kiwe cheupe, matatizo mengi yanaishia hapo.

Breki hapa hakuna kubahatisha. Dramu za 109 ni inchi 11, za 88 nyingi ni inchi 10, kwa hiyo nenda Gerezani na sampo mkononi, na silinda za breki nunua mpya usinunue za kutoka kwenye gari nyingine. Vumbi la breki shuu za zamani usilipulize kwa kompresa wala mdomo, zile za enzi hizo zilikuwa na asbestosi, lowesha kwa maji upanguse. Kutoa hewa anza tairi la mbali na masta silinda, nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie kulia. Pedali ikiendelea kuwa laini, kaza adjasta mpaka shuu zishike dramu kabisa, toa hewa hivo hivo, afu zilegeze.

Gia boksi na difu mwaga oili ya zamani weka EP90, oili nzito ya gia, ukiona vipande vya chuma ndo ufungue, kama hakuna waache wapumzike.

Rangi sasa unaweza. Alminiamu inataka prima yake maalum inayoing'ata, ukiweka ya kawaida itabanduka kwa magamba.

Siku ya kwanza kuitoa toka asubuhi mapema barabara ikiwa haina foleni, tairi zake ni 750-16, nenda taratibu ukisikiliza. Foo wili ijaribu kwenye mchanga tu, kitufe cha njano bonyeza chini kwa foo wili ya kawaida, mkono wenye kichwa chekundu vuta nyuma kwa ile ya nguvu, kwenye lami usiiweke maana haina difu ya katikati, inajikaza yenyewe mpaka inavunja vitu. Ukirudi kaza upya nati za matairi na yubolti za springi, afu pita na mkono ugusie kila habu, yaani kitovu cha tairi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hiyo beringi imebana au breki haiachii, piga jeki siku hiyo hiyo uifungue.