Kupima kifua kikuu cha ng'ombe kijijini: makubaliano kwanza, sindano baadaye

Mkipima kundi kabla hamjakubaliana ng'ombe mgonjwa atapelekwa wapi, anayeshukiwa atauzwa mnadani kabla majibu hayajasomwa, na ugonjwa utahamia zizi la mtu mwingine. Kwa hiyo kaeni kikao kwanza: wafugaji wote wanaochangia malisho na maji, daktari wa mifugo, afisa mifugo wa kata na mtendaji wa kijiji.

Andikeni mambo matatu: ng'ombe atachinjwa wapi, nani atamsafirisha, na mwenye mali atafidiwa nini. Msipige hesabu kwa fidia ambayo haimo kwenye maandishi. Kama mna chama cha maziwa, makato madogo kwa kila lita yanaweza kujenga mfuko wenu wenyewe. Mfugaji aelezwe pia kwamba si kila mzoga hutupwa wote: vidonda vikiwa sehemu moja, mkaguzi wa nyama huondoa sehemu hiyo, vikiwa vimeenea mwilini, mzoga mzima huharibiwa. Anayelijua hili hafichi ng'ombe wake.

Pimeni kundi zima, kuanzia ndama wa wiki sita. Msichague waliokonda au wanaokohoa, kwa sababu dalili huchelewa sana na ng'ombe aliyenona anaweza kuwa anaambukiza. Anzeni Jumatatu ili majibu yasomwe Alhamisi, na mnyama yeyote asitoke zizini katikati.

Kazi ya sindano ni ya daktari. Hunyoa sehemu mbili katikati ya shingo, moja juu ya nyingine, zikiachana sentimita 12 hivi. Hupima unene wa ngozi kwa kalipa, kifaa cha kubana na kupima unene, na kuuandika pamoja na namba ya hereni ya sikioni. Kisha huchoma tuberkulini, yaani protini za vimelea vya kifua kikuu zinazotumika kupimia: ya ndege juu, kwa kulinganisha, na ya ng'ombe chini, mililita 0.1 kila moja, ndani ya ngozi yenyewe. Ikiingia vizuri utapapasa kinundu kama punje ya mbaazi. Usipokisikia, dawa imepita chini ya ngozi na majibu yatadanganya. Dawa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na jua.

Baada ya saa 72, mtu yuleyule apime tena. Tuseme juu ngozi imetoka milimita 7 hadi 9, na chini kutoka 7 hadi 14. Ongezeko ni 2 na 7, tofauti ni 5. Ongezeko la chini likizidi la juu kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe ana ugonjwa; likizidi kwa 1 hadi 4, atengwe na apimwe tena. Marudio yasifanyike kabla ya siku 42, kwa kuwa sindano ya kwanza huipumbaza ngozi. Aliyezaa karibuni, aliyeambukizwa wiki chache tu, na aliyezidiwa kabisa wanaweza kuonekana wazima. Ndiyo sababu kundi lenye ugonjwa hupimwa kila baada ya siku 60 hivi, mpaka lipite safi mara mbili mfululizo.

Usimtibu ng'ombe. Dawa huchukua miezi, huingia kwenye maziwa, na mnyama huendelea kuambukiza huku vimelea vikizoea dawa. Zizini, ondoeni samadi na msugue kabla ya kumwaga dawa ya kuua vimelea, kwani klorini ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu. Ng'ombe mpya akae peke yake mpaka apimwe.

Serikali inahitajika zaidi machinjioni. Mkaguzi akikata tezi za koo na za kifuani akakuta usaha mkavu kama jibini, unaokwaruza kisu kama mchanga, apeleke sampuli maabara na asiitupe hereni. Namba hiyo ndiyo itakayomrudisha daktari kwenye zizi alikotoka mnyama. Bila namba, ushahidi unaishia kwenye ndoano.

Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa. Kuyaacha yachachuke tu hakutoshi.

Mtu wa nyumba ya mfugaji akiugua kifua kikuu, au akivimba tezi za shingo, amwambie mganga wa hospitali kwamba anakunywa maziwa mabichi au anachunga. Vipimo vya kawaida vya makohozi havitenganishi vimelea vya ng'ombe na vya binadamu, na vya ng'ombe haviguswi na pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo wa matibabu.