Daraja kuukuu la barabara kuu linapobadilishwa: namna ya kuwashirikisha wananchi, hatua kwa hatua

Barabara ya TANZAM, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Malori ya wakati ule si haya ya leo, ambayo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayaruhusu kufikia uzito wa jumla wa tani 56. Kwa hiyo, kama wewe ni mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, au kijana unayeanza kazi kwenye timu ya mhandisi mshauri huku Nyanda za Juu Kusini, jiandae: siku moja daraja litabadilishwa kwenye eneo lako, na utaambiwa "shirikisha wananchi".

Mimi hufanya kazi hiyo ya upande wa jamii. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: wananchi hawagombani na daraja. Daraja wanalitaka. Ugomvi uko kwenye mchepuko, yaani ile barabara ya muda inayopita pembeni wakati wa ujenzi, na ndiyo ambayo wahandisi huichora mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Fika kabla mchoro haujafungwa

Muulize kiongozi wa timu swali moja kabla hujapanda gari: ni nini bado kinaweza kubadilika? Akikujibu kwamba hakuna, basi unachokwenda kufanya ni kutoa taarifa, na uwaambie wananchi hivyo hivyo. Kwa kawaida bado kuna mengi: mchepuko upite upande wa juu wa mto au upande wa chini, ukilinganisha na daraja la zamani, njia ya waenda kwa miguu iwe na upana gani, maji ya mitaro yamwagwe wapi, kazi ianze mwezi gani. Yaandike. Hayo ndiyo utakayoyapeleka kijijini.

Njia ya kuingilia unaijua: barua ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Usiruke hata mmoja.

Hatua ya 2: Kaa darajani

Kaa siku ya mnada na siku ya kawaida, kuanzia alfajiri. Andika kila anayepita, siyo magari tu. Ukanda wa Usangu, kuanzia Igawa, Chimala hadi Igurusi, utaona pawatila (matrekta madogo ya mkono), mikokoteni ya ng'ombe, baiskeli zenye magunia ya mpunga, makundi ya mifugo. Tazama wanafunzi lori linapoingia darajani: wanageuka, wanabana migongo kwenye kingo na kushika sketi na madaftari mpaka upepo wa lori upite. Piga picha ya nafasi iliyobaki kati ya tairi na kingo (siyo ya watoto) na uipime kwa futi kamba. Kipimo hicho kinamshawishi mhandisi kuliko hotuba yoyote.

Kisha shuka chini ya daraja. Huko kuna wanaochota maji, wanaofua, wachimba mchanga, na wenye mifereji. Hawa wa chini husahaulika karibu kila mara, na tuta la mchepuko huwaangukia wao kwanza.

Hatua ya 3: Waulize wazee kuhusu maji

Usiulize "mafuriko yalikuwa makubwa kiasi gani?" Utajibiwa "makubwa sana". Omba mzee akupeleke na akuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi: kwenye shina la mti, kwenye ukuta wa nyumba, kwenye ngazi ya kanisa. Weka alama ya rangi, andika mwaka kwa kuuhusisha na tukio analolikumbuka, kisha mpimaji achukue kimo chake. Pata alama kadhaa kutoka kwa watu tofauti, pande zote mbili za mto. Mtaalamu wa maji atazilinganisha na takwimu za bodi ya bonde husika. Mbarali, Kimani na Chimala zote zinaingia Ruaha Mkuu, hivyo ni za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Mto Songwe unaokatiza barabara hii magharibi mwa Mbeya unakwenda Ziwa Rukwa, ni bonde jingine. Alama zikipishana na hesabu za kompyuta, irudiwe hesabu. Mzee aliyelima kando ya mto maisha yake yote ni shahidi wa kweli.

Hatua ya 4: Mkutano, na chokaa

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka wananchi watangaziwe kwa mabango, magazeti na redio. Fanya hivyo, ila ongeza tangazo kanisani, msikitini na kijiwe cha bodaboda. Epuka wiki za kupandikiza mpunga. Hakuna atakayeacha jaruba lake, yaani kitalu chake cha mpunga, likauke kwa ajili yako.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa lazima, lakini hautoshi. Kaa kando na akina mama, kando na mama lishe na wauza matunda wa pale darajani, kando na wafugaji, kando na jumuiya ya watumia maji. Kila kundi lina jambo lisilosemwa mbele ya mwenyekiti.

Mchoro wa kihandisi usiubandike ukutani ukadhani umeeleza. Chukua vigingi, kamba na chokaa, mkachore mchepuko ardhini kwa ukubwa wake halisi, na watu wautembee. Hapo ndipo mtu husimama na kusema: "Hapa mnaziba mfereji wetu. Maji ya banio yanapita hapa, na kuna majaruba mengi kule chini." Banio ni kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini. Karavati moja la muda huokoa msimu mzima wa mpunga, lakini sharti liwe kwenye mchoro na kwenye bei ya mkandarasi kabla ya zabuni. Baada ya hapo, kila kitu ni "kazi ya ziada".

Hatua ya 5: Ardhi na fidia

Eleza polepole. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu; kabla yake ilikuwa 22.5. Aliyekuwa kihalali kati ya mita 22.5 na 30 anastahili fidia akihamishwa. Fidia si nyumba tu: kuna ardhi, mazao na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, kodi ya makazi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara.

Ardhi ya mchepuko huazimwa kwa muda. Kwa hiyo mkataba uandikwe, picha zipigwe kabla, na itajwe itarudishwa ikiwa na hali gani: kifusi kitolewe, udongo wa juu urudishwe. Hakikisha mke na mume wote wapo wakati wa kusaini. Na umuulize anayelima, siyo mwenye shamba pekee. Usangu mashamba mengi hukodishwa. Mpunga ulioko shambani ni wa mkodishwaji.

Hatua ya 6: Rudi na majibu

Tengeneza jedwali la safu tatu: mlichosema, tulichofanya, na kama hatukufanya, kwa nini. Lisome kijijini kabla mchoro haujasainiwa, nakala ibaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inaniuma, kwa sababu haigharimu chochote zaidi ya mafuta ya gari.

Hatua ya 7: Wakati wa ujenzi

Huku mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Sisitiza mchepuko na misingi ya nguzo ifanyike kiangazi. Ndani ya mkataba wa mkandarasi ziwepo ratiba ya kumwagia vumbi maji, matuta karibu na shule, na njia ya miguu iliyotengwa na malori.

Undeni kamati ya malalamiko yenye daftari moja, lenye tarehe, jina, lalamiko na siku ya majibu. Likae kwa mtendaji wa kijiji, si kwenye kontena la mkandarasi. Namba ya simu iliyoko kwenye bango la mradi iendelee kupokelewa hadi kipindi cha uangalizi (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro) kiishe, maana nyufa za tuta na mifereji iliyozibwa huonekana mvua za kwanza baada ya mkandarasi kuondoka. Na kabla hajaondoka, zungukeni naye eneo lote la mchepuko mkiwa na zile picha za mwanzo mkononi, shamba kwa shamba, mwenye shamba akiwepo.