Namna ya Kuchagua Sakafu Salama kwa Kizimba cha Mjusi Mwenye Ndevu

Mjusi mwenye ndevu, ambaye wanasayansi humwita Pogona vitticeps, asili yake ni nyanda kavu za ndani ya Australia, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi wapya huamini kwamba kizimba chake hakina budi kujazwa mchanga. Imani hiyo imewaponza wanyama wengi. Sehemu kubwa ya ardhi anayoishi porini ni udongo mgumu wenye mfinyanzi na mchanga, uliokaushwa na jua na kushikamana, wala si mchanga mtupu unaomwagwa kutoka mfukoni. Kabla ya kununua chochote, zingatia umri wa mjusi wako, hali ya afya yake, na kama kitu unachotaka kutandika kinaweza kuingia kinywani mwake.

Mjusi huyu hukagua mazingira yake kwa ulimi, na kila anaporukia nyenje au kunyakua jani, ulimi wake unaonata huzoa pia chembe zilizo karibu. Aliyekomaa na mwenye afya anaweza kuzitoa chembe chache pamoja na kinyesi bila kudhurika. Lakini kwa mjusi mdogo, au aliyepungukiwa na maji au kalsiamu, au mwenye minyoo, utumbo hufanya kazi kwa kusuasua, na chembe hizo huweza kurundikana hadi njia ikaziba. Joto nalo lina nafasi yake hapa, kwa kuwa mtambaazi hawezi kumeng'enya chakula vizuri akiwa na baridi: uso wa mahali pake pa kuotea joto ufikie nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Hakuna sakafu, hata iwe bora namna gani, itakayomlinda mjusi ambaye taa yake ya joto ni hafifu.

Kwa mjusi mdogo, mgonjwa au aliyeletwa karibuni, tandika karatasi za kufutia jikoni zisizo na manukato. Hazipendezi machoni, lakini zinakuonyesha kila kitu: kama kinyesi ni kigumu au cha majimaji, kama kina damu, na kama mjusi amepata choo au la. Taarifa hizo zina thamani kubwa kuliko mapambo, na kwa maoni yangu kila mjusi mgeni abaki kwenye karatasi hadi kinyesi chake kipimwe na daktari wa wanyama. Usizibandike kwa utepe wa gundi, kwa maana gundi ikishika ngozi au tumbo lake humchubua. Zikunje pembeni na kuzikandamiza kwa jiwe zito lisiloweza kupinduka.

Kwa mjusi aliyekomaa, chaguo ninalolipendekeza kwa moyo wote ni vigae vya sakafu visivyong'arishwa, au mawe bapa ya sleti. Pitisha kiganja juu ya kigae kikavu dukani: kikiteleza chini ya mkono, kitateleza pia chini ya kucha zake, naye atatembea kwa kutawanya miguu. Kinachofaa ni chenye ukwaruzo mdogo, unaompa mshiko na kusugua ncha za kucha anapotembea, bila kuchubua tumbo. Pima kizimba kwa ndani, kisha kata vigae vipungue milimita chache kila upande ili viweze kunyanyuliwa siku ya usafi. Nyufa kati ya kigae na kigae ni maficho ya nyenje, ambao usiku hutoka na kumng'ata mjusi aliyelala, hivyo ama vibanane vyema, ama uzibe nyufa kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu na uiache ikauke mpaka harufu yote iishe. Kwa kuwa kigae hutunza joto, pima uso wa kile kilicho chini ya taa kabla ya kumrudisha mjusi.

Zulia la watambaazi silipendekezi: kucha hunasa katika nyuzi zake, na uchafu huzama ndani hata baada ya kufuliwa. Maganda ya jozi yaliyosagwa yana kingo kali. Magunzi ya mahindi huota ukungu. Maranda ya mwerezi na msonobari hutoa mafuta yenye harufu inayowasha njia ya hewa. Jihadhari zaidi na mchanga wa kalsiamu unaouzwa kwa madai kwamba unamumunyika tumboni. Mjusi aliyepungukiwa na kalsiamu anaweza kuula kwa makusudi, nao hugandamana unapolowa.

Mfugaji mzoefu mwenye mjusi mzima na mwenye afya anaweza kutumia udongo, mradi auandae ipasavyo. Changanya sehemu kama mbili za udongo usio na mbolea wala dawa na sehemu moja ya mchanga laini uliooshwa, ulowanishe, ushindilie kwa nguvu, kisha uache ukauke kabisa kabla ya mjusi kuingia. Ukikwaruza kwa kidole na vumbi likafumka, bado haujashikamana. Chakula kiwekwe kwenye bakuli au kitolewe kwa koleo, kisiguse udongo.

Jike aliyekomaa, hata asiyewahi kukutana na dume, huweza kutunga mayai, na sakafu ngumu humnyima pa kuyafukia. Mwekee sanduku la udongo wenye unyevu, wenye kina cha angalau sentimita 20, pindi anapoanza kukwaruza pembeni bila kutulia.

Vyovyote utakavyochagua, ondoa kinyesi kila siku, safisha sakafu kwa dawa ya kuua vijidudu kisha uisuuze vizuri, na unawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa wanyama hawa hubeba bakteria wa Salmonella hata wakiwa wazima. Vigae visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mjusi akiacha kula, akakosa choo kuliko kawaida yake, tumbo likavimba au miguu ya nyuma ikalegea, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na uchukue kiasi cha kile kilichotandikwa sakafuni ili akikague.